Vidole Gumba Viwili na Jasho la Kiganja

Ukitaka kumpima mtaalamu wa tiba ya mgongo kwa mikono, mtazame vidole gumba vyake. Mgonjwa amelala kifudifudi, mgongo wazi, paji la uso limepumzika juu ya viganja. Mtaalamu amesimama upande wa kichwani. Ncha za vidole gumba viwili, kucha zikigusana, ziko juu ya kifundo kimoja cha mfupa wa shingo, na vidole vingine vinane vimelala pande zote mbili bila kubonyeza. Mabega ameyaleta mbele mpaka yamekuwa juu ya vidole. Kisha anaanza: anabonyeza, anaachia, anabonyeza, anaachia, kama mara 2 kwa sekunde. Aliyesimama mlangoni hataona kitu. Mfupa unasogea kidogo mno, na mgonjwa anaendelea kupumua kama kawaida.

Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mwanafunzi anayeanza hubonyeza kwa misuli ya vidole vyenyewe. Haupiti muda kucha zinageuka nyeupe, vidole vinamuuma, na mgonjwa analalamika kwamba anadungwa. Hasara kubwa zaidi haionekani: kidole kinachohangaika kusukuma hakiwezi tena kusikiliza. Misuli ikikaza, hisia zinaziba. Ndiyo maana walimu wa fani hii humfundisha mwanafunzi avitulize vidole, viwe njia tu ya kupitishia nguvu. Nguvu yenyewe inaanzia kwenye kiwiliwili cha mtaalamu, inashuka mabegani, inapita kwenye mikono iliyokunjika kidogo, inafika kwenye ncha za vidole ikiwa imeshapimwa. Mtaalamu aliyeiva huyumba mwili mzima kwa kiasi kidogo sana, na vidole vyake vimelegea.

Vinasikiliza nini? Vinatafuta mahali ukinzani unapoanzia. Chukua dau lililofungwa gatini wakati bahari imetulia. Ukilisukuma kwa mkono, mwanzoni linakwenda bure. Kisha kamba inaanza kunyooka, na kiganja kinajua kabla ya macho kwamba dau limeshikwa. Ukizidi kusukuma, kamba inakaza mpaka haliendi tena. Kila kiungo cha mgongo kina hatua hizo: mwendo wa bure, mwanzo wa ukinzani, na mwisho wake. Kiungo chenye afya na jirani yake aliyekakamaa hutofautiana kwa kiasi kidogo mno, na picha ya eksirei haioneshi tofauti hiyo. Inatafutwa kwa vidole na kwa swali linaloulizwa taratibu, pingili baada ya pingili: "Hapa je? Na hapa?"

Aliyeipa kazi hii lugha yake ni Geoffrey Maitland, mfiziotherapia wa Adelaide, kusini mwa Australia. Alizaliwa mwaka 1924, akatumikia jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akasomea fiziotherapia vita vilipokwisha, kisha akafanya kazi katika hospitali za mji wake. Wagonjwa wa mgongo walimsumbua kichwa, maana aliyofundishwa hayakutosha. Mwaka 1961 alifunga safari ya masomo ng'ambo kutazama mikono ya wengine: wataalamu wa osteopatia, wa kairopraktiki, na madaktari kama James Cyriax wa London. Kambi hizo zilikuwa zikitupiana maneno. Yeye hakujiunga na yoyote. Alirudi nyumbani na mbinu za wote, akaziondolea nadharia zilizokuja nazo, akabakiza alichoweza kukipima kwa mgonjwa aliye mbele yake. Kitabu chake juu ya tiba ya pingili za mgongo kilitoka mwaka 1964, na michoro ilikuwa ya mkewe, Anne. Mwaka uliofuata kozi ya miezi 3 ikaanzishwa Adelaide. Alifariki mwaka 2010, na wanafunzi wa fani bado wanatumia madaraja yake.

Madaraja hayo ndiyo kiini cha ufundi wake. La kwanza ni mtikisiko mdogo mwanzoni mwa mwendo, mbali kabisa na ukinzani. La pili ni mtikisiko mpana, lakini ungali ndani ya mwendo wa bure. La tatu ni mpana na unaingia ndani ya ukinzani. La nne ni mdogo, unaofanyika huko huko ndani ya ukinzani. Mawili ya mwanzo hutumika zaidi pale maumivu yanapotawala, na mawili yanayofuata pale ukakamavu unapotawala. Katika yote manne mgonjwa ana usemi: akikaza misuli au akisema basi, kazi inasimama. Kuna daraja la tano, msukumo mmoja mfupi wa kasi mwishoni mwa mwendo, nao humalizika kabla mgonjwa hajawahi kuuzuia. Maitland aliliweka mwisho wa ngazi kwa makusudi. Wengi wa wagonjwa wake hawakuhitaji kufika huko.

Kwa hiyo mtaalamu anapoandika kwenye faili kwamba amefanya daraja la tatu kwenye pingili ya tano ya shingo kwa dakika 1, ameandika dozi. Mwenzake atakayempokea mgonjwa kesho atajua aanzie wapi. Kabla ya hapo mtu aliweza tu kuandika kwamba mgonjwa alishughulikiwa mgongo, na aliyesoma asijue amefanyiwa nini.

Sasa tushuke chini ya ngozi. Uti wa mgongo wa mtoto una pingili 33: za shingo 7, za kifua 12, za kiuno 5, na chini yake zile ambazo ukubwani huungana zikawa mfupa wa nyonga ya nyuma na kifandugu. Kati ya pingili na pingili, nyuma, kuna viungo vidogo viwili, kushoto na kulia, vimezungukwa na misuli mifupi iliyojaa vipokezi vya hisia. Katikati unapita ugwe mgongo. Ndani ya ugwe huo, kuanzia usawa wa pingili ya kwanza ya kifua hadi kama ya pili ya kiuno, kuna safu ya seli ambazo ndizo chanzo cha mishipa ya fahamu ya simpathetiki. Nyuzi zake hutoka nje na kuingia katika mnyororo wa vifundo unaoteremka kando ya uti wa mgongo, na kifuani vifundo hivyo vimekaa karibu sana na vichwa vya mbavu.

Simpathetiki ni tawi moja la mfumo wa mishipa ya fahamu unaojiendesha, jina lililotolewa mwaka 1898 na J. N. Langley wa Cambridge. Ndilo linaloharakisha moyo, linalobana mishipa ya damu ya ngozi na kufungua tezi za jasho mtu anaposhtuka au kujiandaa. Tawi la pili, parasimpathetiki, hupunguza mwendo wa moyo na kuliachia tumbo lifanye kazi yake. Viungo vingi vya mwili vina mabwana wote wawili, kila mmoja akivuta upande wake. Tezi za jasho za kiganja zinamtumikia mmoja tu, simpathetiki. Kwa mtafiti anayetaka kujua simpathetiki inafanya nini, kiganja ni shahidi mwema, maana hakipokei amri kutoka kwingine.

Watu walidai uhusiano wa mgongo na mfumo huu zamani, kabla ya kuwa na shahidi yeyote. Andrew Taylor Still, daktari wa Marekani, alitangaza osteopatia mwaka 1874 na kufungua shule Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Daniel David Palmer alianzisha kairopraktiki Davenport, Iowa, mwaka 1895, baada ya kudai kwamba alimrudishia usikivu Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo, kwa kumsukuma pingili ya mgongo. Neva ya usikivu hutoka kwenye ubongo moja kwa moja hadi sikioni. Haipiti mgongoni hata kidogo. Wafuasi wao walikwenda mbali zaidi, wakasema karibu kila ugonjwa una mzizi wake katika pingili iliyokaa vibaya. Madai yalikimbia, ushahidi ukabaki nyuma. Aliyejaribu kuanza upya kwa vipimo ni Irvin Korr, mwanafiziolojia aliyefanya kazi Kirksville kuanzia miaka ya 1940, ambaye alipima jinsi ngozi ya mgongo inavyopitisha umeme na kuchora ramani ya sehemu zenye jasho jingi na zile kavu. Hakuanza kwa kutibu mtu. Alianza kwa kuangalia.

Jaribio lililoniteka mimi lilifanywa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Queensland, Brisbane, na kundi la wafiziotherapia, wakiwemo Anthony Wright na Bill Vicenzino. Katika moja ya mbinu walizozichunguza, ambayo asili yake ni kwa Robert Elvey wa Australia Magharibi, mgonjwa analala chali. Mtaalamu anakipokea kichwa na shingo kwa mkono mmoja, vidole vikiwa nyuma ya pingili ya tano na ya sita. Mkono wa pili unashikilia bega lisipande. Kisha shingo inateleza upande ule usiouma, inarudi, inateleza, inarudi. Haizungushwi wala haivutwi. Kichwa kinabaki kimetazama dari.

Utaratibu wa jaribio nao ni ufundi unaostahili kutazamwa. Mtu analazwa katika chumba chenye joto lisilobadilika, anaachwa atulie. Elektrodi ndogo zinafungwa kwenye vidole, umeme hafifu ambao hausikiki unapitishwa, na chombo kinasoma jinsi ngozi inavyoupitisha. Jasho likiongezeka ndani ya vijitundu vya ngozi, hata kabla halijaonekana, umeme unapita kwa urahisi zaidi. Mtu huyo huyo anarudi siku tatu. Siku moja anafanyiwa mbinu kamili. Siku nyingine mtaalamu anamshika vile vile, mikono mahali pale pale, muda ule ule, lakini hamsogezi. Siku nyingine haguswi kabisa. Mpangilio wa siku unapigiwa kura, na anayesoma vipimo haambiwi ni siku ipi. Kwa njia hiyo, kinachotokana na mtu kuguswa tu kinatenganishwa na kinachotokana na mwendo wa kiungo. Wanaosema kwamba tiba ya mikono haiwezi kupimwa wangetafakari siku ile ya pili. Kumshika mgonjwa kama unayemtibu na usimtibu, bila yeye kujua, kunadai mikono yenye nidhamu.

Majibu yalikwenda kinyume na walivyotarajia wengi. Mtu hutoka kwenye kitanda cha fiziotherapia akisema amepoa, amelegea, amepata usingizi, na ungedhani simpathetiki imelala. Chombo kilisema imeamka. Upitishaji wa umeme kwenye ngozi ulipanda kupita siku ya mshiko mtupu na siku ya kutoguswa. Kwa watu wazima wenye afya, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kasi ya kupumua vilipanda kwa muda pia. Na kwa wagonjwa wenye maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, wakati huo huo simpathetiki ilipoamka, kiwiko kilistahimili mgandamizo mkubwa zaidi kabla ya kuuma. Mkono wa mtaalamu ulikuwa shingoni. Nafuu ilionekana kiwikoni. Waliopata mwamko mkubwa wa simpathetiki walielekea kupata pia nafuu kubwa ya maumivu.

Hapo ndipo pingili ya tano ya shingo inapotuwekea fumbo. Seli za simpathetiki haziko shingoni, zinaanzia kifuani. Aliyetikisa shingo hakugusa chanzo chake, na bado moyo, pumzi na jasho viliitika pamoja. Wright alipendekeza mwaka 1995 kwamba habari za kiungo kinachotikiswa zinapanda hadi ubongo wa kati, kwenye eneo la kijivu linalozunguka mfereji wa maji ya ubongo. Uchunguzi kwa wanyama ulikuwa umeonesha kwamba sehemu fulani ya eneo hilo ikichochewa, mnyama anakuwa tayari kupigana au kukimbia, na papo hapo hasikii maumivu kama kawaida. Mambo hayo mawili yanatoka kwenye chumba kimoja. Ina mantiki yake: anayekimbia chui hana nafasi ya kuhisi mwiba. Kwa pendekezo hili, nafuu ya haraka anayoipata mgonjwa si kwa sababu mfupa umerudishwa mahali pake. Mfupa ulikuwa mahali pake tangu mwanzo. Ubongo umepelekewa ujumbe wa kutosha kuufanya upunguze sauti ya maumivu.

Lakini kwangu uzuri wa utafiti ule uko kwenye mdundo. Mwaka 1996 Chiu na Wright walichukua mtikisiko mmoja wa shingo, wakaufanya kwa kasi mbili: mara 2 kwa sekunde, na mara 1 kila sekunde 2. Kasi ya kwanza iliamsha jasho la kiganja. Ya pili haikufanya tofauti na kutofanya kitu. Mahali palikuwa pale pale. Kilichobadilika ni mwendo. Rudi sasa kwa mtaalamu wetu na vidole vyake vilivyolegea. Vizazi vya wafiziotherapia walifundishwa mdundo ule wa mara 2 au 3 kwa sekunde kwa sababu mikono ya walimu wao iliona unafaa. Hakuna aliyekuwa na elektrodi. Mikono ilikuwa imeshagundua, miaka mingi mapema, jambo ambalo chombo kilikuja kulithibitisha.

Halafu kuna upande. Mwaka 2008 Jo Perry na Ann Green wa Uingereza walitikisa kiungo cha kiuno cha upande mmoja tu, kati ya pingili ya nne na ya tano, kwa vijana wa kiume wasio na maumivu, wakapima miguu yote miwili. Mabadiliko ya simpathetiki yalikuwa makubwa zaidi kwenye mguu wa upande uliotikiswa. Kama ingekuwa ni hofu tu, au starehe ya kuguswa, miguu yote miwili ingeitika sawa. Tofauti ya sentimita chache kando ya mfupa ina maana, na ndiyo sababu mtaalamu hutumia dakika nzima kutafuta mahali kabla hajaanza kazi.

Msomaji atauliza kuhusu mlio. Wengi wetu tukisikia tiba ya mgongo tunafikiria shingo inayozungushwa ghafla ikalia "ka!" kama mtu anayealisha vidole. Mlio huo unahusu gesi. Mwaka 1971 watafiti wa Leeds walieleza kwamba ni kiputo kinachopasuka ndani ya ute wa kiungo. Mwaka 2015 kundi la Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, lilipiga picha za MRI za kidole kikialishwa, zikaonesha kwamba mlio unatokea pale uwazi wa gesi unapoumbika, nyuso za kiungo zinapoachana ghafla. Kwa vyovyote vile hakuna mfupa uliorudi mahali pake, na tafiti hazikuona kwamba mgonjwa aliyesikia mlio anapona kuliko ambaye hakusikia. Anayekutajia mlio kama ushahidi wa kazi yake anakuuzia sauti.

Hata hivyo daraja la tano lina ustadi wake, na Walter Herzog wa Calgary aliupima. Katika msukumo kwenye pingili za kifua, nguvu ilifika karibu nyutoni 400, sawa na uzito wa kama kilo 40, kwa muda wa takriban milisekunde 150. Mikono inaweka mgandamizo wa awali, inasubiri, kisha inaupandisha na kuukatisha kwa muda mfupi kuliko kope inavyofumba na kufumbua. Kusukuma kwa nguvu ni rahisi. Kusukuma kwa nguvu na kusimama mahali pale ulipokusudia ndiko kunakochukua miaka.

Sasa niseme na upande wa pili, maana kusifu ufundi hakuhitaji kuupaka asali. Majaribio mengi niliyoyataja yalikuwa madogo, yakapima dakika chache, na mara nyingi kwa vijana wenye afya. Mwaka 2019 yalichapishwa mapitio ya majaribio yaliyolinganisha tiba hizi na tiba ya uongo. Hitimisho lake lilikuwa la tahadhari: mitikisiko ya aina fulani huenda inaongeza kweli kazi ya simpathetiki ya ngozi kwa muda mfupi, lakini kwa mambo mengine, na kwa ule msukumo wa ghafla, ushahidi haukutosha kudai athari. Jasho la kiganja kupanda kwa dakika kadhaa si tiba ya shinikizo la damu, wala ya pumu, wala ya vidonda vya tumbo. Aliye na kisukari akiambiwa kwamba mgongo wake ukinyooshwa ataacha dawa, ajue kwamba amerudishwa Davenport ya mwaka 1895.

Maitland alikuwa ameliona tatizo hili. Aliwafundisha wanafunzi wafikirie ukuta wa matofali wenye matundu. Upande mmoja wa ukuta ni nadharia: anatomia, jina la ugonjwa, maelezo ya kwa nini. Upande wa pili ni yale mgonjwa anayoyasema na mwili wake unayoyaonesha. Habari zinapita kwenye matundu, lakini pande hizo mbili zikigongana, upande wa mgonjwa ndio unaoshinda. Katika uandishi wake wa faili aliweka alama ya nyota kando ya kila jambo muhimu: mgonjwa hawezi kuinama kufunga kamba za viatu, nyota, shingo inakwama akigeuka kulia kutazama gari linalokuja, nyota. Baada ya dakika 1 ya mtikisiko anamwinua mgonjwa, wanarudia lile la nyota. Limebadilika? Anaendelea. Halikubadilika? Anabadilisha pembe, daraja au pingili. Limezidi kuuma? Anaacha. Nadharia ya jasho inaweza kuja na kuondoka, na tabia hiyo ya kupima, kugusa kidogo na kupima tena itabaki na maana.

Kwetu Afrika Mashariki kugusana kwa ajili ya afya si jambo geni. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, na mitaani hakukosekani mtu anayesifika kwa mikono yake ya kuchua. Mikono hiyo ina heshima yake kwa misuli iliyochoka. Viungo vya mgongo vinataka zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya ustadi ni kujua nani asiguswe. Katika nchi zetu jambo la kwanza ni kifua kikuu. Kikiingia mifupani, uti wa mgongo ndio mahali kinapopenda kukaa, na kwa miezi kinaweza kujificha kama maumivu ya kawaida. Mgonjwa anayekonda, mwenye homa za jioni na jasho la usiku linalolowanisha shuka, apelekwe kupimwa. Pingili iliyoliwa na ugonjwa haisukumwi. Vivyo hivyo aliyewahi kuugua saratani, aliyeanguka kutoka kwenye mnazi au bodaboda, na mzee ambaye mifupa yake imekuwa dhaifu. Anayepata ganzi sehemu za siri, au anayeshindwa kukojoa, au ambaye miguu inazidi kumlegea, huyo ni wa hospitali leo hii, asisubiri kesho. Na shingo kuzungushwa kwa nguvu kumewahi, mara chache, kuchana mishipa ya damu inayopanda ubongoni na kumletea mtu kiharusi. Kiti cha kinyozi si mahali pa jambo hilo, hata likitolewa bure baada ya kunyolewa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno. Mwishoni mwa mwaka 2023 lilitoa mwongozo wake juu ya maumivu sugu ya kiuno, na tiba ya mgongo kwa mikono imo miongoni mwa yale linayoyakubali, pamoja na elimu kwa mgonjwa na mazoezi. Imo kama sehemu ya matibabu, haikuwekwa peke yake. Nadhani hapo ndipo mahali pake pa haki. Mikono hufungua nafasi, maumivu yakapungua kwa saa kadhaa au siku chache. Ndani ya nafasi hiyo mgonjwa anatembea, anainama, anarudi shambani au kwenye cherehani, na mwili unajifunza upya kwamba mwendo hauui.

Ukienda kutibiwa mgongo, basi, usihesabu milio wala usipime nguvu. Mtaalamu mwema atakuuliza maswali mengi kabla hajakugusa, atakupima tena baada ya kukugusa, na atakufundisha la kufanya nyumbani bila yeye. Ukikosa moja kati ya hayo matatu, vaa shati lako uondoke.